Mtoto akiandika 'alipiga shukrani', kosa li wapi?

Hivi majuzi nikiwa Muhoroni, mwalimu mmoja wa Kiswahili alinifungulia daftari la mwanafunzi wa Gredi ya Sita anayejiandaa kwa KPSEA. Swali lilikuwa la kujaza pengo: "Baada ya kupokea zawadi, Akinyi ali____ shukrani." Majibu ya kuchagua: piga, toa, tia, kata. Mtoto alichagua "piga". Mwalimu aliweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, kisha akaniuliza, "Prof, hii aliitoa wapi?"

Jibu liko pale pale sokoni Muhoroni. Katika Dholuo, simu hupigwa: goyo simo. Kelele hupigwa: goyo koko. Gumzo nalo hupigwa: goyo mbaka. Mara tatu Dholuo na Kiswahili vimeafikiana. Halafu inakuja goyo erokamano, yaani kutoa shukrani. Mtoto aliyefaulu mara tatu kwa kanuni hiyo, kwa nini asiitumie mara ya nne? Hakubahatisha, bwana, alipiga hesabu. Nahau ndiyo iliyomgeuka.

Hapo ndipo penye ugumu. "Alipiga shukrani" haina kosa la ngeli, la upatanisho wa kisarufi wala la wakati. Kosa ni moja tu: Waswahili hawasemi hivyo. Nahau ni mapatano ya wazungumzaji, na ukibadilisha neno moja maana huhama au hupotea. Kutia chumvi ni kuzidisha habari. Kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Kupiga hatua ni kuendelea. Kuchukua hatua ni kutenda jambo ili kurekebisha hali.

Hata kugeuza muundo kuna hatari. Andika "Babu amekula chumvi nyingi" katika kauli ya kutendwa, utapata "Chumvi nyingi imeliwa na babu." Sarufi iko sawa, lakini babu sasa anahitaji daktari wa presha!

Tusimcheke mtoto huyu. Sisi wenye digrii husema "kucheza jukumu" badala ya kutekeleza jukumu, na "kuchukua picha" badala ya kupiga picha, tukifuata Kiingereza. Tofauti ni kwamba yeye hupoteza alama, sisi tunapigiwa makofi.

Walimu wenzangu, msiwape wanafunzi orodha ya nahau hamsini wakariri usiku wa kuamkia mtihani. Chukueni kitenzi kimoja, tuseme "piga", mkiweke kando ya mwenzake wa lugha ya nyumbani, kisha mwaulize: wapi vinakubaliana, na wapi vinaachana? Katika mji wa miwa kama Muhoroni, ambako Mjaluo, Mkalenjin, Mkisii na Mluhya huketi dawati moja, kila mtoto ataleta "piga" yake. Atakayejua mahali lugha zake zinapoachana hataponzwa na jibu linalofanana na la nyumbani.