Safari Nayo ni Tiba: Kazi ya Mhudumu wa Gari la Wagonjwa

Msafiri atokaye Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda hufika Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, mahali ambapo barabara kuu hugawanyika. Mkono wa kushoto njia huelekea Kakonko na Kibondo, na hatimaye Kigoma. Njia ya mbele hupita Lusahunga. Hapo tawi moja huenda Biharamulo mjini, na jingine hupanda kuelekea wilaya ya Ngara. Kutoka Lusahunga hadi daraja la Rusumo, mpakani, ni kilomita 92. Usiku na mchana malori hupita hapa yakipeleka shehena Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na pamoja nayo hupita mabasi, pikipiki, baiskeli na watu waendao kwa miguu.

Mahali pa namna hii ajali si jambo la kushangaza. Linalotisha zaidi ni umbali. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza, safari ya saa kadhaa, na hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, gari lililopita njia ya Sengerema lilipaswa kuvuka ziwa kwa kivuko. Basi hapana budi tujiulize: mgonjwa mahututi anapokuwa njiani, kati ya mahali alipoumia na kitanda cha hospitali, ni nini kinachomweka hai?

Watu wengi hudhani kwamba ni mwendo wa gari. Wanaposikia king'ora wanafikiri kazi yote ni ya magurudumu. Katika makala haya tutaonyesha, kwa hesabu na kwa elimu ya viumbe, kwamba sivyo.

Dakika za kwanza

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye mambo yanayotokea kweli katika barabara kuu. Ni saa nane usiku. Lori lenye tela limepinduka mteremkoni. Utingo wake, kijana mwenye uzito wa kilo 60, ametupwa nje. Paja lake limechanwa na bati, na damu inatoka kwa kuruka. Gari la wagonjwa linafika likiwa na dereva na mhudumu mmoja.

Jambo la kwanza alifanyalo mhudumu ni kusimama na kutazama. Je, kuna mafuta yanayovuja? Je, kuna lori jingine linaloteremka ambalo dereva wake hajaona ajali? Dereva wa gari la wagonjwa anaweka alama za tahadhari barabarani, na mhudumu anavaa glavu. Mhudumu akigongwa au akiungua, majeruhi wamekuwa wawili na mwokoaji hayupo.

Kisha anamwendea kijana. Damu inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo yatoka katika ateri, nayo haingoji. Mhudumu anaweka kitambaa safi juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu, kwa uzito wa mwili wake. Ikiwa damu haikomi, anafunga mkanda mpana juu ya jeraha, upande wa moyoni, anaukaza mpaka damu isimame, na kuandika saa aliyoufunga.

Baada ya hapo anaangalia njia ya hewa. Mtu aliyepoteza fahamu akilala chali, ulimi wake hulegea na kuziba koo, na ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Kumbe basi mtu aweza kufa kwa ulimi wake mwenyewe, ilhali kuinua kidevu chake kwa uangalifu bila kuupinda shingo kungetosha kumwokoa. Kazi hiyo haihitaji mashine yoyote. Yahitaji mtu anayejua.

Hesabu ya damu

Mtu mzima ana damu ipatayo mililita 70 kwa kila kilo ya uzito wake. Utingo wetu, basi, ana mililita 4,200. Mwili haupotezi damu kimyakimya. Una njia za kujitetea. Mishipa ya ngozi hujibana ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Moyo nao huongeza mapigo. Ndiyo maana majeruhi huwa na ngozi ya baridi yenye jasho, na mapigo ya haraka.

Akipoteza chini ya asilimia 15, yaani mililita 630, huenda asionyeshe dalili kubwa. Kati ya asilimia 15 na 30, mapigo hupita 100 kwa dakika, pumzi huenda mbio, na mgonjwa huwa na wasiwasi. Lakini kipimo cha msukumo wa damu chaweza kuwa bado cha kawaida. Akipita asilimia 30, yaani mililita 1,260, msukumo huanguka na akili huchanganyikiwa. Akipita asilimia 40, yaani mililita 1,680, yu karibu na kifo.

Hapa pana fundisho kubwa. Msukumo wa damu hushuka baada ya mwili kumaliza akiba yake ya kujitetea. Mhudumu anayesubiri kipimo hicho kishuke ndipo ashtuke, amechelewa. Hivyo anashika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Anabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha anaachia na kutazama: kwa mtu mzima mwenye afya rangi hurudi katika muda wa sekunde 2 hivi. Halafu anamfunika kijana blanketi. Jambo hili laonekana kuwa la huruma tu, lakini ni la kikemia: damu huganda kwa kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya hufanya kazi polepole mwili unapopoa. Baridi ya usiku peke yake yaweza kumzidishia majeruhi kuvuja damu.

Mwendo na muda

Sasa kijana yumo garini. Tuseme hospitali iko umbali wa kilomita 40. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, safari ni dakika 30. Dereva akienda kilomita 100 kwa saa, safari ni dakika 24. Amepunguza dakika 6.

Amelipa nini kwa dakika hizo? Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Kasi ikipanda kutoka 80 hadi 100, nishati hupanda kwa uwiano wa 100² kwa 80², yaani kwa zaidi ya nusu, na umbali unaohitajika ili breki zisimamishe gari huongezeka kwa kiasi hichohicho. Katika giza, penye miteremko na watembea kwa miguu, hiyo ni bei kubwa.

Je, amenunua nini? Tuseme jeraha lisilokandamizwa linamwaga mililita 100 kwa dakika. Katika dakika 30 kijana angepoteza mililita 3,000, naye angekufa. Katika dakika 24 angepoteza mililita 2,400, yaani asilimia 57 ya damu yake, na bado angekufa. Lakini jeraha likikandamizwa mpaka litoe mililita 10 tu kwa dakika, atapoteza mililita 300 katika dakika 30, na atafika akiwa hai kwa mwendo ule wa kilomita 80. Ni kweli kwamba kasi ya kuvuja hupungua kadiri msukumo wa damu unavyoshuka, lakini hesabu hii yatosha kuonyesha maana yake: mikono miwili nyuma ya gari yaweza kuokoa muda mwingi kuliko mguu ukanyagao mafuta.

Hii haina maana kwamba gari litambae. Kuna damu ambayo mkono hauwezi kuizuia, kama ile ivujayo ndani ya tumbo. Huyo dawa yake ni chumba cha upasuaji, na mhudumu hapaswi kupoteza hata dakika moja barabarani. Kutofautisha majeruhi hawa wawili ndiyo elimu yenyewe. Wakati gari likienda, mhudumu hupiga simu hospitalini, ili mpasuaji na damu ya kuongeza vimngoje mgonjwa, badala ya mgonjwa kuvingoja.

Mama mzazi

Si kila simu ya usiku ni ya ajali. Mimba inapokaribia miezi tisa, mji wa mimba hupokea damu ipatayo mililita 600 kwa dakika. Baada ya kondo la nyuma kutoka, misuli ya mji huo hujibana na kuifunga mishipa. Isipojibana, mama aweza kupoteza damu nyingi mno kwa muda mfupi. Mhudumu aliyefundishwa husugua tumbo chini ya kitovu mpaka mji wa mimba uwe mgumu, na mkunga humpa mama dawa ya kuubana. Mama ambaye bado hajajifungua hulazwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa akilala chali uzito wa mimba hugandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni.

Tanzania imejenga mfumo wa usafiri wa dharura kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uitwao m-mama. Ulijaribiwa kwanza katika sehemu za Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu wa kituo huuliza dalili na kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa, na nauli yake hulipwa kwa njia ya simu. Hapa pia jambo lilelile laonekana: kilichoongezwa zaidi ya yote ni utaratibu na maarifa, na magari mengi ni yaleyale yaliyokuwapo kijijini.

Homa isiyojulikana

Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilaya ya Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa wameugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa maabara, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Miaka miwili kabla, mwaka 2023, mkoa huohuo wa Kagera ulikuwa umepatwa na mlipuko mwingine. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwamo mtumishi wa afya.

Virusi vya Marburg huishi katika popo walao matunda, na vikishaingia kwa binadamu huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, nazo mwanzoni hufanana na za malaria: homa kali, kichwa kuuma, mwili kuchoka.

Mfikirie sasa mhudumu wa njia panda ya Nyakanazi. Anaitwa kumchukua mtu mwenye homa anayetapika. Hana maabara garini. Akiogopa na kumwacha, huenda amemwacha afe mgonjwa wa malaria ambaye angepona. Akimbeba bila kinga, huenda akaupeleka ugonjwa hospitalini na nyumbani kwake. Sayansi humpa njia ya tatu: kumhesabu kila mgonjwa kuwa anaweza kuambukiza, kuvaa glavu, barakoa na vazi la kinga kadiri dalili zinavyodai, kuuliza mgonjwa ametoka wapi na amemuuguza au kumzika nani, kuarifu mapema, na kuliosha gari kwa maji ya klorini kabla ya safari nyingine. Kwa njia hiyo hofu hubadilika kuwa utaratibu.

Watu kabla ya mashine

Historia nayo yaunga mkono hoja hii. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari Mfaransa Dominique Jean Larrey alianzisha magari mepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi vitani wakati mapigano yakiendelea, na akafundisha kwamba atibiwe kwanza aliyeumia zaidi, bila kujali cheo. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, ambako hapo awali wagonjwa walibebwa na magari ya polisi yasiyo na mtaalamu, Daktari Peter Safar aliongoza mafunzo yaliyoanza mwaka 1967. Waliofundishwa walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao wasio na ajira, nao wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo waliotibu mgonjwa ndani ya gari. Hapa nchini, idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo.

Lakini mnyororo huu huanza kabla ya daktari, na hata kabla ya gari. Mtu wa kwanza kumfikia utingo wetu atakuwa mwendesha bodaboda, mama muuza ndizi, au mwanafunzi. Gari likifika baada ya dakika 20, litamkuta hai tu ikiwa mtu huyo alijua mahali pa kukandamiza.

Jaribio la darasani

Kila mwanafunzi ashike kifundo cha mkono wa mwenzake, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Mwenzake akimbie papo hapo kwa dakika 2, na mapigo yahesabiwe tena kila dakika mpaka yarudi ya awali. Chora grafu ya mapigo dhidi ya muda. Halafu bonyeza ukucha wa mwenzako kwa sekunde 5, achia, na pima rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Rudia baada ya kuuweka mkono katika maji ya baridi.

Jadilini: Ni kwa nini mapigo ya mkimbiaji na ya majeruhi hupanda yote mawili, ilhali ngozi ya mmoja ina joto na ya mwingine ni baridi? Mwanafunzi awezaye kujibu swali hilo ameanza kusoma mwili kama mhudumu anavyousoma, usiku, kwa mwanga wa tochi, kando ya barabara.