Mlango, Waya na Bawabu: Kutafuta Hitilafu ya Modemu katika Mfumo wa Unix wa Awali

Makala hii inanuia kueleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu pale modemu na tarakilishi yenye mfumo wa Unix wa awali zinaposhindwa kuelewana. Huenda mada hii ikaonekana ngeni kwa wapenzi wa Kiswahili. Hata hivyo, barua pepe ya kwanza ya wanavyuo wa Afrika Mashariki ilipitia njia hii ya modemu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa ESANET uliwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa modemu na simu za kawaida. Intaneti kamili iliingia Kenya mwaka 1995.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, istilahi moja yahitaji kusafishwa. Wapo wanaopaita mahali ambapo waya huchomekwa nyuma ya tarakilishi ‘bandari’, kwa kulifuata neno la Kiingereza kikasuku. Tafsiri hiyo inapotosha. Bandarini vyombo hutia nanga. Hapa data haitui, bali hupita biti moja nyuma ya nyingine. Kilatini kilikuwa na maneno mawili, portus kwa bandari na porta kwa lango, na maana ya pili ndiyo ifaayo. Kwa hivyo tutasema mlango wa mfululizo. Faida yake itaonekana hivi punde, maadamu penye mlango pana bawabu.

Hitilafu zinazosumbua zaidi huanzia katika waya. Kiwango cha RS-232, ambacho toleo lake la C lilitolewa mwaka 1969, hutumia kwa kawaida kiunganishi chenye pini 25. Pini ya 2, ya 3 na ya 7 zatosha kupitisha herufi, na hapo ndipo mafundi wengi walipopotoka: waliona herufi zikipita wakaamini kwamba waya ni mzima. Pini ya 8 ndiyo inayoiarifu tarakilishi kwamba modemu ya upande wa pili imepatikana. Pini ya 20 ndiyo inayoiarifu modemu kwamba tarakilishi ipo tayari. Pini ya 8 isipofanya kazi, programu inayofungua mlango yaweza kusubiri milele bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. Ikiwa modemu imepangwa kudai daima kwamba simu imeunganishwa, mambo huwa mabaya zaidi: mtumiaji akikatikiwa na simu, Unix haina habari, na apigaye baadaye huingia katika kazi ya mwenzake bila kuulizwa nywila.

Pini ya 20 nayo ina gharama yake. Tuchukulie mtu aliyeko Doldol, Laikipia, katika miaka ya 1990, akiipigia simu tarakilishi iliyoko Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Simu ya masafa hulipiwa kwa muda. Programu yake inapomaliza kazi, Unix hushusha ishara ya pini ya 20 ili modemu ikate simu. Ishara hiyo isipofika, au modemu ikiwa imeagizwa kuipuuza, simu yaweza kubaki wazi hadi alfajiri. Modemu nyingi zilizofuata amri za Hayes zilitoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuzipuuza ishara hizi. Tiba yake ni amri mbili, AT&C1 na AT&D2, kisha AT&W ili mpangilio uhifadhiwe.

Sasa tumrejelee bawabu. Katika Unix, programu iitwayo getty hukaa mlangoni ikimwuliza kila ajaye jina lake. Modemu kwa upande wake huwa na tabia ya kurudisha mwangwi wa kila inachoandikiwa. Bawabu akiuliza jina, modemu humrudishia swali lake lile lile. Naye hulidhania kuwa ndilo jina la mgeni, akaomba nywila. Ombi hilo nalo likarudi. Mazungumzo haya ya bawabu na mwangwi wake yaweza kuilemea tarakilishi nzima ilhali hakuna mtu aliyepiga simu. Amri ATE0Q1 huinyamazisha modemu, na tatizo likaisha.

Herufi zikifika zikiwa zimevurugika zote, aghalabu kasi za pande mbili hazilingani. Zikivurugika baadhi tu, shuku hesabu ya biti: upande mmoja unatumia 7 pamoja na biti ya ukaguzi, mwingine unatumia 8. Zikipotea moja moja kasi inapoongezwa, tatizo ni chipu ya mlango. Ile ya 8250 ilihifadhi herufi moja tu iliyopokewa. 16550A ilihifadhi 16. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi huingia takriban kila milisekunde moja, na Unix yenye shughuli nyingi huchelewa kuichukua.

Majina ya milango nayo yana mtego. Katika Xenix, /dev/tty1a na /dev/tty1A ni mlango ule ule mmoja, ila jina lenye herufi kubwa ndilo linaloheshimu ishara za modemu. Mwanafunzi aliyezoea kudharau tofauti ya a na A angepoteza siku nzima hapa.

Elimu hii haijazikwa. Modemu nyingi za USB zinazotumia mitandao ya simu za mkononi hujitokeza katika Linux kama /dev/ttyUSB0, nazo hujibu amri zile zile zianzazo kwa AT. Kuna hata kijidesturi kimoja cha kale kinachomfaa mwanaisimu: katika faili za UUCP, tarakilishi inayopiga simu haikuagizwa kusubiri neno ‘login:’ bali ‘ogin:’, kwa kuwa hakuna aliyejua kama bawabu wa upande wa pili angeanza kwa herufi kubwa au ndogo.