Tofali, Kobe na Amri

Wanafunzi wawili wameketi wamepeana migongo. Mbele ya kila mmoja pana matofali sita ya plastiki ya kuchezea, kila moja na rangi yake. Wa kwanza anaunda umbo lolote alipendalo, kisha anamweleza mwenzake kwa maneno matupu, pasipo kugeuka wala kuonyesha kwa mkono. Naye mwenzake anajaribu kuunda umbo lilelile kwa kufuata anayoyasikia. Muda ukiisha wanageuka. Mara nyingi maumbo hayo mawili hayafanani, na ubishi huzuka papo hapo. "Nilikuambia uweke jekundu juu ya la bluu!" "Si ndivyo nilivyofanya?" Wote wawili wanasema kweli. Jekundu liko juu ya la bluu, ila limekatiza badala ya kulala sambamba nalo, na limefunika vinundu viwili badala ya vinne.

Mwalimu mwenye busara hauzimi ubishi huo upesi, kwa kuwa somo limo humo. Hapo pana programu tayari, ingawa hapana kompyuta. Programu ni mfuatano wa amri zilizo wazi kiasi kwamba anayezitekeleza hana haja ya kukisia lolote. Binadamu hukisia kila siku bila kujitambua. Mama akimwambia mwanawe ateleke maji ya chai, hataji sufuria, wala kifuniko, wala moto. Mtoto hujaza mapengo hayo kwa yale ayajuayo. Mashine haina mazoea ya kujazia pengo. Hutenda iliyoambiwa, na isiyoambiwa haitendi.

Tofali lenyewe

Matofali yanayozungumzwa hapa yanajulikana kwa jina la LEGO, nayo hutengenezwa na kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji mdogo wa Billund. Matofali yake ya kwanza ya plastiki, yaliyotoka mwaka 1949, yaliiga wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page. Yalikuwa matupu ndani, kwa hiyo hayakushikana barabara, na jengo lilibomoka kwa kuguswa tu. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliwasilisha maombi ya hataza ya tofali lenye mirija ndani yake. Tangu hapo kinundu cha tofali la chini hubanwa baina ya mrija na ukuta wa tofali la juu, na msuguano ndio unaoyashikilia mawili hayo. Tofali la mwaka ule bado hushikana na lililotoka kiwandani leo.

Sifa hiyo ya kushikana kwa namna maalumu tu, na si kwa namna yoyote ile, ndiyo inayolifanya tofali kuwa chombo kizuri cha kufundishia. Vipande ni vichache kwa aina, lakini miunganiko yake ni mingi kupita matarajio. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulihakikisha jambo hilo wenyewe. Tofali la kawaida lina vinundu 8, yaani 2 kwa 4. Liwekwe moja mezani, na la pili lishikizwe juu yake. Yakiwa sambamba, la juu laweza kusogezwa mahali 7 kwa urefu na mahali 3 kwa upana, jumla 21. Yakikatizana, pana mahali 5 kila upande, jumla 25. Hivyo ziko njia 46. Lakini umbo likizungushwa nusu duara, takriban kila njia hugeuka kuwa nyingine miongoni mwa hizo 46. Ni mbili tu, zile ambazo tofali la juu limekaa katikati kabisa, zisizobadilika. Kwa hiyo maumbo yaliyo tofauti kwa hakika ni 24.

Kwa mnara wa matofali sita, kila moja likikaa juu ya mwenzake, hesabu ni 46 kwa kipeo cha 5, kujumlisha 2 kwa kipeo cha 5, kisha kugawanya kwa 2. Jibu ni 102,981,504. Kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilitangaza karibu idadi hiyohiyo kuwa ndiyo jumla ya maumbo yote ya matofali sita, hali ilikuwa imehesabu minara tu. Mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alilitambua kosa hilo, na mwaka 2004 akatumia kompyuta kuhesabu pia maumbo ambayo matofali mawili au zaidi hukaa katika ghorofa moja. Alipata 915,103,765. Inaburudisha kidogo kuona kwamba waliolitengeneza tofali nao waliacha pengo katika maelezo yao, kama yule mwanafunzi aliyesema "juu ya" akadhani ametosheleza.

Kobe wa Papert

Wazo la kuunganisha mchezo wa namna hii na kompyuta lina asili yake kwa mtu mmoja hasa: Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, aliyefundisha kwamba mtoto hamiminiwi maarifa kama maji mtungini, bali huyajenga mwenyewe kwa kutenda na kujaribu. Papert aliipeleka rai hiyo Marekani, na mwaka 1967 yeye, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon wakaunda Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye lugha hiyo ilipewa "kobe": roboti ndogo iliyotambaa sakafuni ikichora mstari kwa kalamu iliyofungwa tumboni mwake. Kobe alizijua amri chache tu, kama vile MBELE na KULIA. Mraba huchorwa hivi:

RUDIA 4 [MBELE 100 KULIA 90]

Mtoto akitakiwa kuchora pembetatu yenye pande sawa, aghalabu huandika 60, kwa kuwa amefundishwa kuwa pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Kobe huondoka, hugeuka, wala harudi alikoanzia. Huacha nusu ya umbo la pembe sita. Hapo mtoto huambiwa asimame, awe kobe yeye mwenyewe, atembee pembetatu ile sakafuni. Akifika kwenye kona hugundua kwamba mwili wake haugeuki kwa pembe ya ndani, bali kwa pembe ya nje, nayo ni nyuzi 120. Akirudi alikoanza atakuwa amezunguka duara zima: nyuzi 360 zilizogawanywa kwa 3. Ni wachache wanaoisahau kanuni ya pembe za nje baada ya kuitembea kwa miguu.

Katikati ya miaka ya 1980, Mitchel Resnick na Steve Ocko, waliokuwa na Papert katika chuo cha MIT, waliunganisha Logo na matofali. Watoto waliunda magari na winchi zenye mota, wakazifunga kwa waya kwenye kompyuta na kuziamuru. Mwaka 1998 lilitoka tofali lenye ubongo wake ndani, liwezalo kuendesha mota tatu na kupokea habari kutoka vihisi vitatu, likauzwa kwa jina la Mindstorms, ambalo ni jina la kitabu cha Papert cha mwaka 1980. Uuzaji wa mitambo ya jina hilo ulikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2022. Mwaka 2007 kundi la Resnick lilikuwa limetoa Scratch, lugha ambayo amri zake ni vipande vinavyoshikana kwenye kioo cha kompyuta kama matofali. Kipande kisichofaa mahali fulani hakiingii. Scratch haina malipo, na imo kwa Kiswahili pia.

Kosa liko wapi?

Lichukuliwe gari dogo lililoundwa na mtoto. Linatakiwa lende mbele hadi ligonge ukuta, lirudi nyuma, ligeuke, kisha liendelee. Amri zake ni chache: washa mota, kama kihisi kimeguswa, rudi nyuma kwa sekunde mbili, geuka, rudia daima. Mtoto analiwasha. Gari lafika ukutani, nalo lang'ang'ania hapo magurudumu yakizunguka bure.

Mtoto huikimbilia programu na kuibadilisha mara tano. Haponyi kitu, maana amri zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Gurudumu la mbele limejitokeza kuliko bampa, hivyo ndilo linalogusa ukuta kwanza, na kihisi hakipati habari yoyote. Kosa ni la usanifu. Siku nyingine huwa kinyume chake: bampa lafanya kazi, lakini mtoto amesahau amri ya kugeuka, na gari larudi nyuma na kugonga ukuta uleule mpaka betri ziishe. Siku ya tatu kosa liko kwenye gia. Gia ya meno 8 ikiizungusha ya meno 24, mota huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1; gari huenda polepole lakini hupata nguvu ya kuzungusha karibu mara tatu, ukiondoa inayopotea katika msuguano. Akizipanga kinyume, gari jepesi litakimbia mno, na zito halitaondoka kabisa.

Kuamua kosa limekaa upande upi, wa amri au wa umbo, ndiyo elimu iliyo adimu katika kazi hii. Kitabu cha mazoezi hakiwezi kuitoa kwa urahisi, maana humo kosa huwa mahali pamoja tu panapojulikana.

Je, elimu hiyo humfuata mtoto akitoka mezani? Hapo ndipo wapenzi wa matofali walipopata funzo kali. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, mjini New York, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto waliojifunza Logo kwa mwaka mzima. Waliwapa kazi isiyo ya kompyuta: kupanga kwa utaratibu mzuri shughuli za darasani, kama kumwagilia mimea na kufuta ubao. Watoto wa Logo hawakuwapita wenzao ambao hawakujifunza. Papert alijibu mwaka 1987 kwamba swali lenyewe lilikwenda upogo, kwa kuwa mtu hawezi kuuliza iwapo ubao hutoa nyumba nzuri bila kumtazama seremala.

Jibu hilo lina ukweli, ila ni jepesi mno kwa mtu aliyekwisha kuahidi makubwa. Jibu zito zaidi lilitoka Pittsburgh mwaka 1988. David Klahr na Sharon Carver hawakuwaacha watoto wagundue wenyewe jinsi ya kusaka kosa. Waliwafundisha hatua zake moja baada ya nyingine. Watoto hao, walipopewa baadaye maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa karatasini na yenye kosa ndani, walilipata kwa ustadi kuliko awali.

Palipo na viberiti

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa shule isiyo na fedha za kununulia seti za plastiki, na hata kwa ile iliyozinunua ikazifungia kabatini zisije zikaharibika. Visanduku sita vitupu vya kiberiti vyatosha. Karatasi ichorwe miraba, upande wa kila mraba ukiwa theluthi moja ya urefu wa kisanduku, ili kisanduku kikilala kifunike takriban miraba 3 kwa 2. Safu zipewe herufi na mistari ipewe namba. Kisha darasa likubaliane juu ya amri tatu au nne tu, mathalani WEKA, GEUZA na PANDISHA, na maana kamili ya kila moja. Kundi moja liunde umbo na kuandika amri zake. Kundi la pili litekeleze lilichoandikiwa, wala lisiulize.

Umbo likikosewa, mwalimu asiseme kosa liko wapi. Aulize: Kilitakiwa kitu gani? Kimetoka kipi? Tofauti yao imeanzia kisanduku cha ngapi? Ni amri zipi ziwezazo kuleta tofauti ya namna hiyo? Amri moja tu isahihishwe, kisha umbo liundwe upya tangu mwanzo, hata kama wanafunzi wanaona uvivu, kwa sababu amri mbili zikibadilishwa pamoja haitajulikana ni ipi iliyoponya.

Walio na matofali ya plastiki wanaweza kuongeza swali la hesabu. Tofali la vinundu 4, yaani 2 kwa 2, laweza kushikizwa juu ya mwenzake kwa maumbo mangapi yaliyo tofauti? Wengi watahesabu 9. Jibu ni 3, na kazi iliyobaki kwa darasa ni kueleza zile 6 zimekwenda wapi.