Kishindo cha Mpira na Kibao

Mpira wa kriketi na kibao hugusana kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mpira uliokuja kwa kasi hubonyea, husimama, hurudia umbo lake na kuondoka kuelekea ulikotoka. Mtazamaji husikia mlio tu, na akitupa macho mpira umeshafika mbali.

Anayevuka daraja la Rusumo kutoka Ngara na kushika barabara ya Kigali anaweza kuliona jambo hili kwenye uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017. Kwa watu wa Ngara na Biharamulo uwanja huo uko karibu kuliko vile vya Dar es Salaam, ingawa uko nchi nyingine. Ni mjini Kigali, Juni 2019, katika mashindano ya Kwibuka, ambako Fatuma Kibasu wa timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania alipata mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali.

Kani inayozaliwa katika mgongano wa mpira na kibao haihitaji mitambo kukadiriwa. Isaac Newton alishaweka kanuni mwaka 1687: kani ni badiliko la momenta likigawanywa kwa muda, na momenta ni tungamo mara kasi. Mpira wa wanawake una gramu 140 hadi 151. Na tuseme huu una 145. Ukimfikia mpigaji kwa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, kisha ukarudi kwa mita 29 kwa sekunde, kasi yake imebadilika kwa mita 54, kwa kuwa mwelekeo nao umegeuka. Zidisha kwa tungamo, gawanya kwa ile sehemu ya elfu ya sekunde: jibu ni nyutoni 7,800 hivi, sawa na uzito wa kilo 800. Na huo ni wastani tu. Kani huanza sifuri, hupanda hadi kilele kinachofikia kama mara moja na nusu ya wastani, kisha hushuka.

Muda ndio unaoamua yote. Mdakaji anayepokea mpira huohuo ukiwa na mita 20 kwa sekunde, huku mikono imekazwa na mpira ukasimama ndani ya sentimita 5, hupata kani ya nyutoni 580 viganjani. Akiurudisha mkono nyuma nusu mita pamoja na mpira, kani hushuka hadi nyutoni 58. Mpira ni uleule na kasi ni ileile. Kilichoongezeka ni muda wa kusimama, mara kumi.

Mpira wenyewe haurudi na kila ulichokuja nacho. Ndani una kiini cha koki kilichoviringishiwa uzi, nje ngozi iliyoshonwa. Ukibonyea, nyuzi na koki husuguana, na sehemu kubwa ya nishati huishia kuwa joto. Kibao nacho kina siri yake. Ubapa wake ni wa mti wa mwerebi, mwepesi na wenye nyuzinyuzi zinazostahimili kubonyezwa. Mpini ni wa henzirani uliovishwa raba. Kibao kipya hugongwagongwa kwa nyundo ya mbao kabla ya kuingia mchezoni, ili nyuzi za juu zishikamane na zisipasuke.

Kasi ya mpira unaoondoka inatokana na vitu viwili: kasi uliyokuja nayo na kasi ya kibao. Havina uzito sawa. Panapopigwa vizuri, takribani sehemu moja ya tano ya kasi ya mpira ndiyo inayorudi, lakini kasi ya kibao huhesabiwa yote na kuongezewa moja ya tano. Katika mfano ule, mita 25 za mpira zinachangia 5 tu. Kibao kilichokuja kwa mita 20 kinachangia 24. Ndipo zilipotoka zile 29. Wanaosema mrushaji mkali ndiye anayempa mpigaji nguvu wamesema kweli, lakini ni kweli ndogo.

Mahali mpira unapogonga ni suala jingine. Kibao kikipigwa hutetemeka kama ubao, lakini yako maeneo ambayo mtetemo mkuu hauyagusi, na mojawapo liko sentimita 15 hivi kutoka ncha ya chini. Mpira ukigonga karibu na hapo, nishati kidogo sana hupotelea kwenye mtetemo na mkono hausikii kitu. Ukigonga pembeni, kibao hujipinda na viganja huwaka. Mkulima wa miteremko yenye mawe ya Ngara anaifahamu hali hiyo pale kona ya jembe inapokuta jiwe: mpini huzunguka mkononi na vidole hufa ganzi, wakati pigo la katikati ya jembe halimsumbui.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kukaza mkono wakati wa pigo hakuongezi kasi ya mpira. Mtetemo unaosafiri kutoka pale palipogongwa hadi mpinini na kurudi hukuta mpira umeshaondoka. Kazi ya mikono huisha kabla ya mgusano: kukipa kibao kasi na kukielekeza.

Kwa kuwa fizikia hii inaweza kutumiwa kujipatia faida, sheria zimeingilia. Desemba 1979 mjini Perth, Dennis Lillee wa Australia aliingia na kibao cha alumini dhidi ya Uingereza, ikazuka tafrani uwanjani, na baadaye ikaandikwa kwamba ubapa uwe wa mbao. Tangu Oktoba 2017 unene wa kibao hauruhusiwi kuzidi sentimita 6.7, na ukingo wake sentimita 4. Uzito haukuwekewa kikomo chochote. Kibao kizito huchelewa kufika, na anayekibeba hulipia mwenyewe.