Msimpumzishe Dawa

Swali ni lile lile. Linaletwa na mama mzazi, na mume, na dada aliyevuka mpaka asubuhi hiyo hiyo akitokea Gatumba, upande wa Burundi: "Dokta, tangu aanze vile vidonge vya VVU amekuwa mtu wa kuwaza tu. Hali, halali, hasemi na mtu. Tukimpumzisha dawa kidogo, si kichwa kitatulia?"

Hapana, hakitatulia. Nimelijibu kwa upole hadi upole wenyewe umekwisha, kwa hiyo leo naliandika.

Niwape haki yao kwanza, maana uvumi huu haukutoka hewani. Miaka ya nyuma kidonge cha usiku kilikuwa na efavirenzi ndani yake, na efavirenzi kweli iliwasumbua baadhi ya watu: kizunguzungu, ndoto za kutisha, na kwa wachache huzuni nzito hadi fikra za kujiua. Waliowahi kuimeza hapa Kavimvira, Uvira, hawajaisahau. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri ishike nafasi ya kwanza, na wagonjwa wengi leo wanapewa kile kidonge cha TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa pamoja. Someni chupa kabla ya kuilaumu. Dolutegraviri nayo inaweza kumkatia mtu usingizi, na kwa wachache hugusa hata hisia zao. Mara nyingi inatosha kuimeza asubuhi badala ya usiku. Isipotosha, mganga anabadilisha dawa, na kubadilisha si kuacha.

Turudi kwenye hilo la "tangu aanze vidonge". Jamani, wiki ile alianza nini kingine? Alipewa jibu la kipimo. Alianza kupiga hesabu ya nani aambiwe na nani asiambiwe, na watoto watabaki mikononi mwa nani. Pengine mume alifungasha vitu vyake akaondoka. Nawajua akina mama wauza ndagala wanaoshindilia pamba ndani ya chupa ya dawa ili vidonge visilie kwenye mfuko wanapotembea sokoni. Mtu akiishi hivyo, kila siku, kwa kujificha, halafu akazama katika huzuni, familia inakikamata kidonge na kukifanya mshitakiwa pekee!

Hapo ndipo huja ushahidi wa jirani: "Fulani aliacha, akachangamka." Inawezekana kabisa, kwa siku kadhaa. Hana tena chupa ya kuficha, hana saa inayomkumbusha kila siku kwamba ni mgonjwa, na kama dawa ilimletea kichefuchefu, nacho kimeondoka. Virusi havipumziki naye. Katika muda wa wiki chache tu vinajaa tena katika damu, na vinafika hadi kwenye ubongo, ambako vinaleta uvimbe unaoweza kumfanya mtu awe mzito, msahaulifu, asiyetaka lolote. Kwa maneno mengine, mnamrudishia kile mlichotaka kumwondolea.

Wala hili si la kubahatisha. Utafiti mkubwa ulioitwa SMART uliwagawa watu zaidi ya 5,400 katika nchi 33: wengine waliendelea na dawa, wengine walipumzishwa kinga yao ilipokuwa juu. Januari 2006 kazi ya kuandikisha watu ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopumzishwa walikuwa wakipata magonjwa nyemelezi au kufa kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Hao walipumzishwa na madaktari, wakipimwa damu mara kwa mara. Ninyi mnataka kumpumzisha mtu nyumbani, bila kipimo, kwa ushauri wa jirani. Tena tenofoviri na lamivudini zinazuia pia homa ya ini ya aina B. Mwenye magonjwa yote mawili akiacha ghafla, homa hiyo ya ini inaweza kulipuka.

Vyumba vya maombi navitaja kwa heshima, kwa kuwa wengi wetu tunasali humo. Mtu anapimwa, anaambiwa virusi havionekani tena, anakwenda kutoa ushuhuda kwamba amepona na chupa anaiacha madhabahuni. Ndugu yangu, havionekani kwa sababu unameza! Funga, omba, kesha, lakini kidonge kiwe kimeshamezwa. Mchungaji anayekwambia uache dawa hatakuwepo siku ya kukubeba kwenda hospitali.

Kosa jingine ni la wale wanaosema mwenye virusi lazima ahuzunike, kwa hiyo aachwe. Sonona ni ugonjwa, inawapata wenye VVU mara mbili au zaidi kuliko watu wengine, na inatibika. Isipotibiwa ndiyo inayomfanya aruke vidonge.

Basi fanyeni hivi. Huzuni, au kutofurahia chochote, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, mpelekeni kituo anakochukulia dawa, mkaseme wazi. Ikija pamoja na homa, kichwa kikali, shingo ngumu au kuchanganyikiwa, msiite mawazo: hospitali siku hiyo hiyo. Mazungumzo ya tiba yanafanya kazi, tena si lazima daktari. Katika vijiji vya Kivu, wasaidizi wa kisaikolojia tunaowaita APS waliwatibu kwa vikundi wanawake waliobakwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi 6 baadaye asilimia 9 tu walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa msaada wa kawaida. Kaskazini mwa Uganda vikundi vya namna hiyo vimewasaidia wenye VVU wenyewe. Fluoksetini na amitriptilini zinaweza kutumiwa pamoja na TLD, kwa maelekezo ya mganga, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Valiumu ya dukani hapana, pombe ya kanyanga hapana. Akitaja kufa, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo. Asibaki peke yake, ondoeni sumu ya panya na akiba ya vidonge. Hali ikiwa nzito kuna hospitali za magonjwa ya akili: SOSAME kule Bukavu, na Kamenge kule Bujumbura mpaka ukiwa wazi.

Na aliyekwisha kuacha arudi kesho. Asianze mwenyewe na nusu kidonge, asiazime cha jirani. Ataulizwa tarehe ya kidonge cha mwisho. Aseme ya kweli, hata kama ni miezi, maana jibu hilo ndilo linalomwonyesha mganga vipimo gani vitangulie.