Mfahamu Profesa Muyembe: Damu ya Waliopona Ilivyoleta Dawa

Ndugu msomaji, wapo wanaosema Ebola haina dawa, na kwamba aliyepona ni mtu wa kuogopwa. Maisha ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1942, yanatufundisha vingine.

Mwaka 1976 watu walikufa kwa wingi Yambuku, kaskazini mwa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Muyembe, daktari aliyesomea virusi Ubelgiji, alitumwa kuchunguza. Alipowatoa wagonjwa damu, sindano ikichomolewa damu haikukoma. Hakuwa na glovu. Alinawa kwa maji na sabuni, na hakuugua. Alirudi Kinshasa na sista mgonjwa, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji. Vikagunduliwa virusi vipya vilivyopewa jina la mto Ebola. Kati ya wagonjwa 318, walikufa 280.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe alifikiri hivi: mwili wa aliyepona umeshatengeneza askari wa kupigana na virusi hivyo. Basi wagonjwa 8 waliongezewa damu ya waliopona. Walipona 7. Wataalamu wengi walitilia shaka, kwa sababu wagonjwa walikuwa wachache. Hakukata tamaa. Miaka 11 baadaye, mtu aliyepona Kikwit alitoa damu yake, na kutokana nayo watafiti wakatengeneza dawa iitwayo Ebanga. Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020, ikaidhinishwa Marekani Desemba 2020. Inatibu Ebola ya aina ya Zaire. Aina nyingine haziponi kwa dawa hiyo.

Ndugu msomaji, tunajifunza nini?

- Kunawa kwa sabuni si jambo dogo.
- Ukiona dalili kama homa kali, kutapika, kuhara au kutokwa damu, wahi kituo cha afya. Katika majaribio hayo, waliowahi matibabu walipona wengi zaidi.
- Usiguse mgonjwa wala maiti ya aliyekufa kwa Ebola. Waite wahudumu wa afya.
- Aliyepona na kuruhusiwa na daktari haambukizi kwa kusalimiana wala kula pamoja. Wanaume wafuate ushauri wa daktari kuhusu kondomu, maana virusi hukaa kwenye shahawa kwa miezi mingi.

Tusimtenge jirani aliyepona. Dawa tuliyo nayo leo ilitoka kwenye damu ya mtu kama yeye.