Hewa ya Ukaa Ikiongezeka, Muhogo Hufanya Nini?

Muhogo ni chakula cha pwani yetu, kuanzia Bagamoyo hadi vijiji vya Saadani. Mizizi tunapika, majani ni kisamvu. Siku hizi wapo wanaosema kwamba hewa ya ukaa ikizidi angani mimea itanenepa, na njaa itapungua yenyewe. Wengine wanaongeza kwamba wanasayansi watabadilisha vinasaba vya mimea na tatizo litakwisha. Tuanze ndani ya jani, ndipo tuone ukweli uko wapi.

Kazi ya jani

Jani huingiza hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana. Humo ndani, kimeng'enya kiitwacho rubisko huinasa, na kwa nguvu ya jua mmea hutengeneza sukari. Lakini rubisko hukosea: mara nyingine hunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa. Kosa hilo huzaa taka, na katika kuisafisha mmea hupoteza kaboni na nguvu. Joto likizidi, makosa huongezeka. Hewa ya ukaa ikizidi, makosa hupungua.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Muhogo, mpunga na kunde huweza kunufaika na ongezeko hilo. Mahindi yana njia yake ya kukusanya hewa hiyo karibu na rubisko, hivyo hupata faida ndogo.

Sukari inakwenda wapi?

Sukari ikikosa pa kwenda, jani hupunguza kazi. Muhogo una ghala kubwa, yaani mizizi yake. Katika jimbo la Illinois, Marekani, watafiti waliongeza hewa ya ukaa katika shamba la wazi hadi sehemu 585, na uzito mkavu wa mizizi ya muhogo ukaongezeka zaidi ya maradufu. Lakini katika jaribio la awali, ambapo muhogo ulipandwa kwenye vyungu, mavuno yalipungua. Hewa peke yake haitoshi. Mizizi inahitaji nafasi, maji na udongo wenye rutuba.

Tena, wingi si lishe. Katika mpunga na ngano, hewa ya ukaa ikizidi, protini, madini ya chuma na zinki hupungua kwenye nafaka.

Vinasaba vinabadilisha nini?

Njia ya kwanza ni kuupa mmea njia fupi ya kusafisha ile taka. Mwaka 2019 watafiti wa Illinois walitangaza kwamba tumbaku iliyobadilishwa hivyo ilikua kwa asilimia 40 zaidi shambani. Hata hivyo, hewa ya ukaa yenyewe hupunguza makosa ya rubisko, kwa hiyo njia hii ina maana zaidi pale joto linapopanda.

Njia ya pili inahusu hatua nyingine. Kila kaboni inayonaswa huhitaji molekuli ya kuipokea, na molekuli hiyo lazima itengenezwe upya. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi, hapo ndipo kazi hukwama, kama bandari yenye majahazi tele na wapagazi wachache. Soya iliyoongezewa jeni ya kuharakisha hatua hiyo ilijaribiwa katika hewa ya ukaa nyingi pamoja na joto. Soya ya kawaida ilipunguza mavuno, iliyobadilishwa haikupunguza.

Na sisi wa pwani?

Adui wa muhogo wetu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara. Mmea unaweza kuonekana mzima juu huku mizizi inaoza. Jani likinasa kaboni nyingi kiasi gani, ghala likioza ni hasara. Kenya iliidhinisha mwaka 2021 muhogo uliobadilishwa vinasaba kuukinza ugonjwa huo. Tanzania, kwa upande wake, ilisitisha Novemba 2018 majaribio ya mahindi ya aina hiyo yaliyokuwa Makutupora, Dodoma.

Katika Waraka wa Laudato si' (2015), Baba Mtakatifu Fransisko hakulaani teknolojia hii kwa jumla wala hakuibariki kwa jumla. Alitaka kila jambo lipimwe kwa faida na hatari zake, hasa kwa mkulima mdogo. Kwetu swali hilo ni la wazi: pingili za muhogo hugawiwa bure kati ya jirani na jirani. Mbegu mpya ikija, je, desturi hiyo itabaki?

Wakati tunalijadili, tusiingojee hewa itulishe. Tupande pingili safi, tung'oe mimea yenye ugonjwa, tuchanganye na kunde ili kurutubisha udongo. Na anayetuambia kwamba moshi wa viwanda ni neema kwa shamba, tumuulize: mizizi ina afya? Chakula kina lishe? Mbegu ni ya nani?